Kwa nini mamba muntu wa kwenye kuta zetu ni mweupe, na kwa nini nguva mweusi wa sinema anatuudhi?

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Salamu kwenu, wana jukwaa.

Naleta ubishi juu ya mamba muntu, yaani nguva wa hadithi zetu, uliozuka nyumbani kwetu Katuba Jumapili iliyopita, kwa sababu umenikaa moyoni. Wadogo zangu walileta katika flashi ile filamu ya nguva ya Disney iliyotoka Mei 2023, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina lake la Kifaransa, La Petite Sirène, nasi tukaitazama sote, wakubwa kwa watoto. Binti nguva anaigizwa na Halle Bailey, Mmarekani mweusi, ilhali katika katuni ya mwaka 1989 alichorwa mweupe mwenye nywele nyekundu. Watoto hawakuona neno; waliimba tu. Aliyekasirika ni baba mdogo, ambaye hajawahi kuiona hiyo katuni, wala hajui kwamba huko Marekani watu waligombana tangu Julai 2019, mwigizaji alipotangazwa. Alisema: "Huyu si mamba muntu. Mamba muntu ni mweupe, kila mtu anajua." Kisha akanyosha kidole ukutani, pale inaponing'inia picha aliyoinunua babu zamani za Zaire: mwanamke mweupe, nywele zimemfika kiunoni, saa mkononi, nyoka pembeni, na mkia wa samaki ndani ya maji.

Nilikosa jibu. Wazungu waliokasirika wanadai kwamba wamenyang'anywa kitu chao, na ingawa dai hilo silikubali, angalau nalielewa. Sisi wa Lubumbashi tumenyang'anywa nini? Ni nani aliyetuambia kwamba kiumbe anayekaa katika maji ya Lualaba na Luapula ana ngozi ya Kizungu? Na je, hasira ya baba mdogo na ile ya mtandaoni ni hasira moja?

Kijana wa Ruashi (Lubumbashi)

Asante kwa mada, yaya. Kwangu jambo hili ni jepesi. Hadithi ni ya Mdenmark, Hans Christian Andersen, aliyeandika mwaka 1837 kwamba nguva huyo ni mweupe mwenye nywele nyekundu. Ukimbadilisha mhusika, umetunga hadithi nyingine, basi uipe na jina lingine. Mimi pia ningekasirika kama mtu angetengeneza filamu ya Lumumba kisha akampa Mzungu nafasi ya Lumumba. Haki iwe moja kwa wote.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu Kijana wa Ruashi, mwaka umeutaja sawa, lakini nywele nyekundu hazimo. Andersen aliandika kwamba binti huyo ana ngozi laini kama petali la waridi na macho ya buluu kama bahari yenye kina, na rangi ya nywele hakuitaja. Nywele nyekundu zilitoka kwa wachoraji wa mwaka 1989, ambao walitaka zipishane vizuri na mkia wa kijani, na tena hawakutaka binti yao afanane na nguva mwenye nywele za dhahabu aliyekuwa ametoka katika filamu nyingine mwaka 1984. Zaidi ya hayo, katika hadithi ya Andersen binti huyo hampati mwana wa mfalme, na mwisho mwili wake unayeyuka kuwa povu la bahari. Katuni ikaleta harusi. Waliokubali kubadilishiwa kifo kikawa ndoa bila kulalamika, halafu wakashindwa kuvumilia kubadilishiwa ngozi, wana wajibu wa kutueleza kwa nini ngozi ina uzito kuliko kifo.

Kuhusu Lumumba, mfano wako unakugeukia. Katika filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2000, Lumumba aliigizwa na Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kamerun. Hakuna Mtetela, mtu wa kabila la Lumumba, aliyesimama kusema kwamba mtu wao ameibwa.

Kijana wa Ruashi (Lubumbashi)

Nimekubali juu ya nywele, Mwalimu. Juu ya Lumumba sikubali. Lumumba aliishi na aliuawa hapa karibu na mji wetu, tarehe 17 Januari 1961. Rangi yake ni sehemu ya sababu za kuuawa kwake. Nguva hana historia ya namna hiyo. Na ngozi kama petali la waridi si ngozi nyeusi.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Hapo umetofautisha vizuri kuliko ulivyoanza. Lakini ukishasema kwamba nguva hana historia ya namna hiyo, umeondoa pia sababu ya kukasirika.

Fundi wa Rangi (Lubumbashi)

Mwanangu wa Katuba, umenigusa penye kazi yangu. Nilianza kushika brashi mwaka 1981, nikiwa na miaka 15, chini ya fundi mmoja wa komini ya Kenya, hapa mjini, ambaye asubuhi alichora mabango ya vinyozi na jioni picha za sebuleni. Tulichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, tukivipaka kwanza rangi nyeupe ya nyumba ili visinyonye. Wateja waliagiza picha kwa majina yake: huyu anataka Colonie belge, yaani mfungwa anachapwa viboko mbele ya bwana Mzungu, yule anataka Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya, na mwingine, hasa mwenye mshahara na nyumba mpya, anataka mamba muntu. Hapakuwa na haja ya kuuliza awe wa rangi gani. Tulichanganya nyeupe nyingi, nyekundu kidogo na tone la njano, na mkebe huo tuliuita "ngozi".

Mwaka wangu wa tatu, fundi aliniruhusu kumchora mamba muntu peke yangu. Rangi nyeupe ilikuwa imekaribia kwisha, kwa hiyo nikamchora wa kahawia, rangi ya mama yangu mzazi, nikamtia nywele ndefu na saa ya dhahabu. Niliipenda picha ile. Mteja alipokuja aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Huyu ni jirani yangu. Siwezi kumning'iniza jirani yangu ukutani." Akaondoka bila kulipa. Fundi hakunigombeza. Rangi ilipopatikana alimpaka nyeupe juu ya kahawia, na picha ikanunuliwa wiki hiyohiyo. Kwa hiyo mahali fulani katika mji huu yuko mamba muntu mweupe ambaye chini yake yuko mweusi, na tangu siku ile sijachora mwingine wa kahawia.

Ndiyo maana nasema kwamba mteja ndiye aliyempaka weupe. Sisi tulishika brashi tu.

Mama wa Watatu (Goma)

Papa Fundi, habari yako imeniuma. Huenda picha iliyo nyumbani kwa MwanaKatuba ni hiyo yako. Akwangue kidogo atuambie.

Kuhusu filamu, niliitazama na binti yangu wa miaka saba. Yeye hakuuliza neno juu ya rangi, aliuliza: "Mama, rasta zake hazilowi?" Nikatambua kwamba hajawahi kuona katika sinema mtu wa kifalme mwenye nywele kama zetu, hata akapata nafasi ya kujiuliza kinachozipata zikiingia majini. Wale wanaouliza filamu hii ilileta faida gani kwa mtoto mweusi, mimi nilipewa jibu hilo kitandani usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka uliotangulia, katika shule moja hapa mjini, waliandaa igizo la Noeli, na binti yangu, aliyekuwa amekariri maneno yote ya Maria na hata ya malaika, alipewa nafasi ya mchungaji. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwa upole kabisa kwamba watazamaji wamezoea Maria mweupe, kwa hiyo amechaguliwa mtoto mwenye ngozi ya maji ya kunde. Aliyeniambia ni mweusi kama mimi, na watazamaji wote walikuwa Wakongo.

Mzee wa Luapula (Kasenga)

Wanangu, nawasalimu. Mmekimbilia Uzungu kabla ya kuuliza nyumbani.

Mimi nimezaliwa kando ya Luapula na nimevua samaki kabla ya kujua kusoma. Wazee wetu walimwogopa mtu wa majini kabla Mzungu wa kwanza hajapita kwetu, na walimsema kuwa mweupe. Weupe huo haukuwa wa Mzungu, maana Mzungu walikuwa hawajamwona. Ulikuwa weupe wa pemba, ule udongo ambao anapakwa mtu anayeingia katika mambo ya mizimu, na ambao kwa Waluba hupakwa wafalme na waganga. Mweupe ni yule asiyetoka upande huu. Mteja wa Fundi alisema neno sahihi bila kujua: jirani hawezi kuwa mamba muntu, kwa sababu mamba muntu si jirani. Baba mdogo wako, MwanaKatuba, naye huenda anasema hilohilo, wala hana ugomvi na rangi ya yule binti.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mzee, nakusikiliza kwa heshima, na kuhusu pemba sina la kupinga. Lakini picha yenyewe, ile ya nywele ndefu na nyoka, ina njia yake inayofuatika. Katika miaka ya 1880 kiwanda cha uchapaji cha Friedländer mjini Hamburg kilichapa bango la mwanamke mcheza-nyoka aliyekuwa akionyeshwa kwa watu huko Ulaya. Bango lilifika Afrika Magharibi, likachukuliwa kuwa sura ya Mami Wata, roho wa majini wa huko, na mwaka 1955 likachapwa upya Bombay kwa maelfu ili kuuzwa Ghana na kwingineko. Henry John Drewal, mtafiti wa sanaa, ameifuata njia hiyo kwa miaka mingi. Kutoka pwani ya magharibi hadi Katanga ni mbali, lakini makalenda, mabaharia na wafanyabiashara hufika mbali. Yawezekana kabisa kwamba babu yake MwanaKatuba alinunua mwanamke wa Hamburg aliyekuwa amepitia India.

Mzee wa Luapula (Kasenga)

Huyo mwanamke wa bango alikuwa na mkia wa samaki?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Hapana, Mzee. Bango linamwonyesha sehemu ya juu ya mwili tu, na nywele zake ni nyeusi na nyingi.

Mzee wa Luapula (Kasenga)

Basi mkia ni wetu.

Fundi wa Rangi (Lubumbashi)

Au ni wa makopo ya samaki na ya dawa yaliyochorwa nguva za Kizungu, Mzee, maana tulikuwa na vielelezo vya kila namna pale kibandani. Sisemi kwamba umekosea. Nasema kwamba mchoraji huokota popote.

Mkaguzi (Goma)

Nimefuata uzi huu kwa makini na naomba tuirudie filamu, kwa sababu nje ya hapa wapo wanaotembeza maneno mawili yasiyo sahihi. La kwanza, kwamba filamu ilianguka kabisa. Ilikusanya takriban dola milioni 569 duniani, na zaidi ya nusu ya fedha hizo, karibu milioni 298, zilitoka Marekani na Kanada, yaani palepale paliposemekana kwamba watu wameikataa. La pili, kwamba kionjo cha Septemba 2022 kilikataliwa na mamilioni waliohesabiwa. YouTube iliacha kuonyesha hadharani hesabu ya alama za kutopenda tangu Novemba 2021, kwa hiyo ile idadi ya zaidi ya milioni moja iliyozungushwa ilitokana na programu zinazokadiria. Hasira ilikuwepo, hilo halina shaka, na hata tovuti ya IMDb ililazimika kutangaza kwamba kura za filamu hii zilikuwa na mwenendo usio wa kawaida, ikabadilisha namna ya kuzipima. Lakini kelele za watu wachache wenye bidii husikika kama za umati.

Kijana wa Ruashi (Lubumbashi)

Mkaguzi, huko China haikufikia hata dola milioni 4. Na Korea Kusini vilevile haikwenda. Hao nao ni kelele?

Mkaguzi (Goma)

Hoja ya haki. China ilikuwa aibu kwa watengenezaji, na sidhani kwamba rangi haikuhusika hata kidogo. Hata hivyo filamu nyingi za Marekani zilikuwa zikishuka China miaka hiyo, kwa hiyo siwezi kutenga kipimo cha rangi peke yake. Ongeza pia gharama: iliripotiwa kwamba filamu iligharimu karibu dola milioni 250, ndiyo maana milioni 569 zinaonekana ndogo mbele ya Aladdin ya mwaka 2019, iliyovuka bilioni moja.

Dada Mfamasia (Bukavu)

Nimesoma yote na naona tunazunguka donda bila kuligusa. Mimi nauza dawa. Kila wiki wanakuja wanawake, na siku hizi wavulana pia, wakitaka tyubu zenye haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi. Wananionyesha picha katika simu: mwimbaji fulani, bibi harusi fulani, nao wanasema "rangi hii". Nimewahi kumkatalia mama mmoja ambaye mashavu yake yalikuwa yameanza kuwa meusi kama yaliyoungua, kwa sababu ndivyo dawa hiyo inavyolipa kisasi, naye akaenda kuinunua sokoni, ambako hakuna anayekatalia mtu. Mteja wa Papa Fundi na mteja wangu ni mtu mmoja. Mzee atanisamehe, lakini tyubu hizo hawazinunui ili wafanane na mizimu.

Na kujichubua huku kumeingia hata katika filamu bila kelele. Mwaka 2025 Disney ilitoa upya hadithi ya Hawaii, Lilo na Stitch, na nafasi ya Nani, dada mkubwa, ambaye katika katuni ni wa kahawia iliyokolea, ikapewa Sydney Agudong, mwenye ngozi nyepesi zaidi. Wahawaii na wengine walilalamika kabla ya filamu kutoka, lakini filamu ilivuka dola bilioni moja, na wale waliotetea "uaminifu kwa katuni" mwaka 2022 sikuwasikia. Mhusika akiongezwa weusi ni vita. Akipunguzwa, ni Jumanne ya kawaida.

Kijana wa Ruashi (Lubumbashi)

Dada, umeniweka pagumu, na nakiri kwamba habari ya Nani sikuijua. Lakini nijibuni nami: Blanche-Neige je? Jina lenyewe ni weupe wa theluji, na ndugu Grimm waliandika mwaka 1812 kwamba mama yake aliomba mtoto mweupe kama theluji. Filamu ya Machi 2025 ikampa nafasi Rachel Zegler, ambaye mama yake ana asili ya Kolombia, halafu ikabidi watunge kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati wa dhoruba ya theluji. Hapo si mhusika aliyebadilika. Ni maana ya jina. Na hiyo kweli ilianguka, karibu dola milioni 205 tu.

Mama wa Watatu (Goma)

Hapo nakubaliana nawe nusu. Jina linapobeba ngozi, mtengenezaji ana deni la kueleza. Lakini filamu ile ilibeba magomvi mengi kwa wakati mmoja: maneno ya mwigizaji juu ya katuni ya mwaka 1937, siasa za Mashariki ya Kati, na wale mbilikimo saba waliotengenezwa kwa kompyuta baada ya Peter Dinklage kukosoa namna wanavyoonyeshwa. Ukiuangusha mti kwa mashoka manne, usiseme ni shoka moja lililoukata.

Msafiri wa Kipushi (Lubumbashi)

Salamu. Naona ajabu kwamba tumefika hapa bila mtu kuitaja filamu ya Tarzan ya mwaka 2016, inayodai kutendeka kwetu, katika Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili. Ilipigwa picha katika studio za Uingereza, na mandhari ya angani ikachukuliwa Gabon. Chifu mkuu aliigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Nchi yetu ilitumika kama pazia la nyuma, na aliyekuja kuikomboa ni Mzungu anayeruka kwa kamba za miti. Je, kuna aliyeandika alama reli yoyote huko Ulaya kusema "huyo si Mkongo wangu"? Sisi ndio tuliokuwa na haki ya kukasirika, na hatukuulizwa. Ninapomwona mtu wa Marekani analia kwa ajili ya mkia wa samaki, ninafikiria hilo.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Ni kweli, ingawa tuitendee haki filamu hiyo kwa jambo moja. Yule Mmarekani mweusi anayeigizwa na Samuel L. Jackson, George Washington Williams, alikuwepo kweli, na mwaka 1890 alimwandikia Leopold barua ya wazi akiwa Stanley Falls, akishtaki ukatili alioushuhudia. Léon Rom, yule ofisa Mbelgiji wa Leopold, naye alikuwepo. Inanisikitisha kwamba wanafunzi wangu walimjua Williams kupitia Tarzan. Ningependa wamjue kwa barua yake.

Binti Himbi (Goma)

Nami niulize juu ya lugha, kwa kuwa ngozi imepata mawakili wengi. Katika The Lion King ya Disney, Simba, Rafiki, Pumbaa: majina ni ya kwetu. Maneno "Hakuna Matata" yalisajiliwa na Disney kuwa alama ya biashara ya mavazi nchini Marekani mwaka 2003, na mwaka 2018, filamu mpya ya simba ilipokuwa inakaribia, Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha malalamiko mtandaoni yaliyopata sahihi zaidi ya 100,000. Hao waliosema "msiguse chetu" juu ya nguva, walikuwa wapi siku chetu kilipoguswa? Na sisi wenyewe tulikuwa wapi? Hapa Goma tunasema "hakuna shida".

Mkaguzi (Goma)

Dada, nyongeza mbili. Usajili huo hauzuii mtu kuyasema maneno hayo; unahusu kuyauza juu ya nguo. Na ile filamu ya simba ya mwaka 2019, ingawa iliitwa ya uhalisi, haikuwa na mnyama hata mmoja wa kweli: ni kompyuta tupu, isipokuwa picha moja ya mawio mwanzoni, ambayo mwongozaji Jon Favreau alisema ilipigwa Afrika. Sauti zilikuwa za weusi kwa wingi na hakuna aliyegomba, kwa kuwa ngozi haikuonekana.

Binti Himbi (Goma)

Hata hivyo fulana hizo zinauzwa.

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Nawashukuru nyote. Nina taarifa kutoka nyumbani.

Mama wa Watatu aliniomba nikwangue. Sikukwangua, kwa sababu kona ya chini ya picha ya babu ilikuwa imeshabanduka yenyewe. Nilimulika kwa tochi. Chini ya maji ya buluu kuna rangi nyeupe ya nyumba, na chini yake herufi za kiwanda cha unga. Hakuna kahawia. Papa Fundi, binti yako yuko kwenye nyumba nyingine.

Kisha nilimsomea baba mdogo maneno ya Mzee wa Luapula na ya Dada Mfamasia. Alinyamaza kwa muda, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Babu aliinunua picha hiyo mwezi ambao alipandishwa cheo kazini, enzi za Gécamines, kampuni ya migodi. Aliyekuwa na cheo hicho kabla yake alikuwa Mbelgiji. Baba mdogo anasema kwamba wanaume wa kambi waliamini kuwa mwenye mamba muntu sebuleni anapewa mali kwa masharti ya siri, na mali waliyoijua wao ilikuwa na sura moja tu: nyumba ya Mbelgiji, saa ya Mbelgiji, mke wa Mbelgiji aliyepita kwenye gari bila kuwatazama. "Tulichora kile tulichonyimwa," alisema. Nilipomuuliza kwa nini basi alimkasirikia yule binti wa filamu, alijibu kwamba hakumkasirikia. Alisikitika kuona kwamba picha ya baba yake imekuwa ya uongo.

Dada Mfamasia (Bukavu)

Jibu hilo ni zito, na sijui kama linanipinga au linaniunga mkono.

Mzee wa Luapula (Kasenga)

Hizo ni habari za kambi. Mtoni hakukuwa na gari la Mbelgiji.

Mama wa Watatu (Goma)

Papa Fundi, nina ombi mbele ya wote. Nichoree mamba muntu wa kahawia, mwenye rasta kama za Halle Bailey, wa kuwekwa chumbani kwa binti yangu. Nitalipa nusu kabla, na nitampata mtu wa kunisafirishia hadi Goma.

Fundi wa Rangi (Lubumbashi)

Mama, nimekubali, na nusu ya kwanza usiitume hadi nikuonyeshe mchoro wa penseli. Ni miaka zaidi ya arobaini sijachanganya rangi hiyo kwa ajili yake, kwa hiyo nina maswali. Saa nimwachie? Nyoka abaki, au mtoto ataogopa usiku? Na mkia nimfanyie wa kijani kama wa filamu, au wa kijivu kama samaki wetu?

Mama wa Watatu (Goma)

Nyoka aondoke. Saa nitamuuliza mwenyewe. Mkia wa kijivu.

Mzee wa Luapula (Kasenga)

Fundi, mchore wa rangi yoyote upendayo, lakini umtie alama ya pemba kwenye paji la uso. Bila hiyo ni msichana anayeoga.